Kugawana kodi (msimbo wa programu) kati ya programu huria za kuskani: anzeni na kilicho chini

Mkuu, umeuliza hivi: wewe na mwenzako kila mmoja ana programu yake huria ya kuskani nyaraka, je, mziunganishe iwe moja, au kila mtu abaki kivyake huku mkinakiliana vipande vya kodi? Nimeandika programu ya aina hiyo kwa ofisi moja ya mawakili na bado naitunza, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Madirisha yenu yaacheni yalivyo. Gawaneni kilicho chini, yaani sehemu inayozungumza na skana.

Kwenye Linux karibu sote tunasimama juu ya SANE, mfumo huria wa kuwasiliana na skana, ambao tangu miaka ya 1990 umetenganisha draiva ya skana (programu ndogo inayoiendesha mashine) na programu anayoiona mtumiaji. Ukiitazama haraka unadhani kazi imekwisha: unafungua kifaa, unaita amri ya sane_start kuanza kuskani, unasoma kwa sane_read, picha unayo. Lakini kila draiva ina tabia zake. Ile trei ya juu inayovuta karatasi yenyewe, draiva moja inaiita "ADF", nyingine "Automatic Document Feeder", nyingine inakuja na jina lake kabisa. Karatasi zikiisha kwenye trei, sane_start inarudisha ujumbe SANE_STATUS_NO_DOCS, yaani hakuna karatasi, na hapo ndipo programu inajua ifunge faili. Kioo cha kawaida hakiishiwi karatasi, kwa hiyo ujumbe huo hutaupata. Ukitumia mzunguko uleule wa kurudia sane_start mpaka ujumbe huo uje, mashine itaendelea kuskani ukurasa mmoja bila kikomo. Maana yake ni lazima ujue mapema unaskani kutoka wapi, na njia ya kujua ni lile jina ambalo kila draiva imejichagulia.

Ukifungua kodi ya Simple Scan, programu ya kuskani ya mazingira ya GNOME ya Linux, utakuta orodha ndefu ya majina hayo, yaliyokusanywa taratibu kadiri watu walivyoripoti mashine zao. Hiyo orodha ni mali. Imetokana na jasho la watu wenye skana ambazo wewe hutazishika maishani mwako, na inauma kuona programu nyingine inaanza kuikusanya upya kutoka sifuri. Jerome Flesch, mwandishi wa Paperwork, programu ya kutunza nyaraka, aliitoa kazi hiyo nje ya programu yake akaijenga maktaba ya C (kodi ya kuitwa na programu nyingine) inayoitwa Libinsane. Inasawazisha tofauti za draiva za SANE, na pia WIA na TWAIN, njia za Windows za kuzungumza na skana, na unaweza kuiita kutoka lugha za Python au Vala. Watu wa KDE, mazingira mengine ya Linux, nao walifanya jambo la busara: programu yao ya kuskani Skanlite ilikuwa inategemea maktaba ya libksane, ambayo imefungamana na vitufe na madirisha, kwa hiyo wakatenga KSaneCore isiyo na dirisha lolote, na programu yao nyingine, Skanpage, ikajengwa juu yake. Mfano mzuri kwenu ni huo. Maktaba ya pamoja isijue kitu kuhusu sura ya programu.

Usafishaji wa picha ni habari nyingine, na hapa nakuomba uwe mwangalifu. Kunyoosha ukurasa uliopinda au kukata kingo nyeusi mnaweza kugawana bila shida. Viwango msigawane. Nyaraka zetu zina mihuri ya wino wa zambarau, mara nyingi iliyofifia. Ukigeuza ukurasa kuwa nyeusi na nyeupe tupu kwa kizingiti (kiwango cha kuamua kipi kiwe cheusi na kipi cheupe) kilichopangwa kwa ajili ya kurasa za kitabu, maandishi yanatoka safi na muhuri unapotea. Hati ya mahakama isiyoonyesha muhuri haimsaidii wakili hata kidogo. Kwa hiyo algoriti iwe ya wote, ila kizingiti kila programu ijiwekee kulingana na watumiaji wake.

Kusoma maandishi msijisumbue kuandika chochote. Tesseract, programu huria ya kugeuza picha kuwa maandishi, ipo, na ina data ya Kiswahili, faili la swa.

Leseni ziangalieni kabla ya kunakili hata mstari mmoja. Simple Scan ni GPL toleo la 3. Ukichukua kipande chake ukakiweka ndani ya programu yako yenye leseni huru ya MIT, programu nzima utakayoisambaza italazimika kufuata GPL. Libinsane ni LGPL, leseni iliyolegea kuliko GPL, unaiunganisha tu na programu yako inabaki na leseni yake. Maktaba yenu mkiipa LGPL nayo, hata wengine wataitumia bila hofu.

Kwa majaribio, SANE ina draiva ya bandia inayoitwa test. Inaigiza mpaka trei ya karatasi, na baada ya kurasa 10 inasema zimekwisha, kwa hiyo mnaweza kujaribu ule mzunguko bila kuwa na skana mezani.

Mkiwa tayari, kila mmoja aendeshe amri ya scanimage -A, inayoonyesha machaguo yote ya skana, kwenye mashine aliyonayo na aweke matokeo hapa pamoja na jina la modeli. Nitaweka ya kwangu pia, tuanze na jedwali la majina ya trei.