Barua kwa mwanangu aliye Nakuru: usome nini sasa

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, goti limetulia, na mvua inanyesha vizuri. Ujumbe wako niliupata. Unasema tangu uanze kazi mpya kusoma kumekushinda: unafungua riwaya, kurasa chache tu mkono umeshafikia simu, na vitabu vinarundikana kando ya kitanda. Ukaniuliza, "Mama, kuna kitabu chenye fasihi ya kweli ambacho pia kitanifurahisha, au lazima nichague moja?"

Huhitaji kuchagua. Fasihi iliyo nzuri hufurahisha, na ndiyo maana watu waliitunza. Lakini nadhani nimeona panapokukwamisha. Kutwa nzima kazini unasoma ripoti ukitafuta makosa, halafu jioni unaingia kwenye riwaya na jicho lile lile. Na riwaya zenyewe unazichagua kwa sifa: iliyoshinda tuzo, nene, inayotajwa na kila mtu. Unaisoma kama mtu anayelipa deni. Shuleni nako mlizoeshwa hivyo, mwongozo mkononi kabla ya kitabu chenyewe, taja maudhui, eleza sifa za mhusika. Sasa hakuna mtihani, mama. Hakuna atakayekuuliza chochote.

Anza na hadithi fupi. Nilipokuwa muuguzi wa zamu za usiku sikuweza kubeba riwaya. Mgonjwa akiita, uzi unakatika. Hadithi fupi ilinitosha kati ya dawa za saa nne na vipimo vya alfajiri, na nikimaliza moja najisikia nimefika mahali. Wewe pia unahitaji kumaliza kitu kwanza. Mtafute Grace Ogot, mkusanyiko wake wa mwaka 1968, Land Without Thunder. Yeye naye alikuwa muuguzi na mkunga, aliwahi kufundisha hospitali ya Maseno hapa juu, na mimi huona jicho la kazi hiyo katika uandishi wake: hakwepi uchungu, wala haupambi. Humo kuna ile ya Oganda, binti wa mtemi, ambaye lazima atolewe kafara ziwani ili mvua inyeshe. Wazee wamefungiana ndani wakiamua, naye yuko nje anadhani wanazungumzia posa yake, moyo unamdunda kwa furaha, anawawaza vijana mmoja mmoja. Wewe msomaji unajua tayari, yeye hajui. Kisa chenyewe ulikisikia kwa nyanya yako, na hata hivyo hapo utasahau kwamba una simu. Mwisho wake sikuambii.

Ukishapata pumzi, njoo kwenye Kiswahili. Hili nakusihi hasa kwa sababu Kiingereza kimekuwa kwako lugha ya kazi, na akili yako ikikiona inakaa wima kama mbele ya bosi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni ya Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Mwanzoni tu baba mlevi anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na kuanzia hapo huwezi kuiweka chini, kwa kuwa unaona jinsi ukali wa nyumba moja unavyomfuata msichana hadi shule ya bweni na kwingineko. Sentensi zake ni fupi. Haina maneno ya kukutafutisha kamusi. Inahuzunisha, nakuonya mapema, lakini huzuni ya kitabu kizuri haichoshi kama uchovu wa kitabu kinachojikakamua. Mwandishi huyo huyo ana Nagona, ambayo watu wa vyuo wanaisifu sana na mimi pia naiheshimu. Usiiguse mwaka huu. Ni ya kusomwa na akili iliyopumzika.

Siku Njema ya marehemu Ken Walibora uliisoma ukiwa msichana, najua, lakini irudie. Yule Kongowea anatoka Tanga akimtafuta baba yake hadi Kitale, na safari ina mwendo unaokuvuta wenyewe. Kurudia kitabu ulichokipenda si kupoteza muda. Unajua hakitakuangusha, kwa hiyo unalegea, na raha ya kusoma inarudi bila kulazimishwa.

Na kuna kimoja ninachokipenda kuliko vyote hivi: Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ya mwaka 1986. Mama huyo alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mjaluo, na akatuandika kwa namna ambayo sijaona mgeni mwingine akifanya. Kwangu hakuwa mgeni tena. Paulina ana miaka 16 anapopanda treni Kisumu mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Nairobi. Treni hiyo ilipita hapo hapo Nakuru ulipo. Muda si muda mimba inaharibika, na siku anayoruhusiwa kutoka hospitalini anapotea njia ya kurudi nyumbani, mtaa haujui, lugha hana, na anaogopa kumuuliza yeyote. Nimewahudumia wasichana wa aina hiyo wodini, nikawafungulia mlango waende, na sikuwahi kujua walifikaje kwao. Kitabu hiki kilinionyesha ile njia. Halafu Paulina anakua taratibu, nchi nayo inakua pembeni yake, bila mwandishi kupiga kelele kwamba sasa anakufundisha historia.

Namna ya kusoma: simu ibaki jikoni ikichaji. Soma ukurasa wa kwanza kwa sauti, hata kama uko peke yako. Sauti ikikupendeza endelea, isipokupendeza funga ujaribu nyingine. Kuacha kitabu katikati si dhambi. Usihesabu kurasa, wala usijiwekee shabaha ya vitabu kwa mwezi, maana hiyo ni ofisi tena. Na usinunue kingine kabla hujapita maktaba ya taifa hapo Nakuru ukaangalia rafu zao.

Coming to Birth na Rosa Mistika ninazo hapa. Ijumaa nitazifunga pamoja na omena kidogo, nimpe karani wa gari la Nakuru. Atakupigia akifika steji. Rosa ina ukurasa uliochanika karibu na mwisho, nimeubandika kwa gundi, ufungue polepole. Ukifika pale Paulina anapotoka hospitalini nipigie, hata kama ni usiku. Nataka kusikia umeonaje.

Mama yako