Ukungu kwa kioo, usingizi kwa AC: maswali yenu ya vitufe vya ndani ya gari

Safari hii wengi mmeuliza mambo ya ndani ya gari, sio injini wala breki, ni zile swichi na vitufe vya dashibodi, na kwa kweli nimefurahi, juu mtu ananunua gari anaonyeshwa kuwasha, kuzima na kurudi rivasi basi, hizo zingine anakaa nazo miaka bila kuzigusa. Ilhali nyingi ya hizo ndizo zinaamua kama utaona barabara na kama utafika ukiwa macho. Naanza na hii ya ukungu kwa sababu mvua iko na watu wako safarini.

*Habari fundi. Niko Nakuru naendesha Noah. Juzi tulikuwa tunaenda matanga Lugari, gari imejaa, tulitoka jioni na mvua ikatupata Mau Summit. Kufika Timboroa kioo cha mbele kikafunga ukungu sioni hata mstari wa barabara. Wale nimebeba wananiambia zima AC kuna baridi, nikazima, nikawa napanguza na kitambaa, nikimaliza huku kule kumefunga tena. Mwishowe nikafungua dirisha wazee wakaanza kulalamika. Hii gari ina shida gani? — Dereva wa Noah, Nakuru*

Poleni na msiba ndugu yangu, na nashukuru mlifika. Gari yako haina shida yoyote. Angalia vile mambo yalikuwa: watu wamejaa, wote wanapumua, makoti yamelowa, viatu viko na matope na maji, madirisha yamefungwa. Hewa ya ndani imejaa unyevu. Halafu Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari na Timboroa inakaribia 2,700 au zaidi, na kila ukipanda mita 1,000 baridi inaongezeka kama digrii 6 hivi, kwa hivyo kioo kinapigwa na mvua na upepo wa baridi kutoka nje wakati ndani kuna joto la watu. Hewa yenye unyevu ikigusa kioo baridi inageuka maji, na hayo maji madogo madogo ndiyo huo ukungu. Kupanguza hakusaidii juu unyevu bado uko kwa hewa, unarudi hapo hapo, na kiganja au kitambaa chafu kinaacha mafuta kwa kioo yanayofanya taa za gari inayokuja zitawanyike zikupofushe.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea. AC haiko ya kuleta baridi peke yake, AC inakausha hewa. Ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo baridi sana, hewa ikipita hapo unyevu wake unashika pale, unakuwa maji, unatoka kwa mpira chini ya gari. Yale maji unayaona yakidondoka ukipaki Kisumu saa saba mchana ndiyo hayo, si gari inavuja. Baada ya hapo kuna rejeta nyingine ndogo ya maji moto ya injini, na ile nobu ya bluu na nyekundu ndiyo inaamua hewa ipashwe moto kiasi gani. Kwa hivyo unaweza kuwasha AC na hita pamoja, na si kosa, ndivyo ilitengenezwa. Hewa inakaushwa kwanza, halafu inapashwa moto, inafika kwa wazee ikiwa kavu na yenye joto. Wale walikwambia uzime walikuwa wanasikia baridi kwa sababu nobu ilikuwa upande wa bluu. Ungeipeleka kwa nyekundu ukaacha AC ikiwaka, hakuna mtu angelalamika.

Siku nyingine kioo kikianza kufunga, na usingoje kifunge kabisa, bonyeza kile kitufe kiko na picha ya kioo cha mbele kilichopinda na mishale mitatu ya mawimbi ikipanda juu. Angalia taa ya AC imewaka, gari nyingi inajiwasha yenyewe ukibonyeza hicho kitufe lakini si zote. Peleka joto juu, feni juu. Halafu hii ndiyo muhimu kuliko zote: kile kitufe cha gari yenye mshale unaozunguka ndani yake kizime, ibaki ile ya mshale unaoingia kutoka nje. Ukiacha mshale wa kuzunguka unarudisha pumzi za watu na unyevu wa makoti kwa kioo mara ya pili na ya tatu. Nina uhakika karibu wote huo usiku ndio ulikuwa umewaka, juu ukitoka Nakuru nyuma ya lori za mizigo mtu anaufunga kukwepa moshi, halafu anasahau. Ukifanya hivyo kioo kitaanza kufunguka kuanzia chini kuja juu, ndani ya dakika chache. Injini tu iwe imeshapata moto, ukitoka nayo baridi hita haina kitu ya kukupa.

Cha nyuma kina kitufe chake, picha ni ya kioo cha pembe nne. Hicho kinapitisha umeme kwa zile nyuzi nyembamba za kahawia uliona kwa kioo, kwa hivyo usizikwangue na wembe ukitoa stika.

Na kuna ukungu wa pili ambao unachanganya watu wa upande wa ziwa. Usiku Kisumu baada ya mvua, nje kuna joto na unyevu, wewe umeweka AC baridi kabisa na inapuliza kioo, basi kioo kinakuwa baridi na ukungu unashika upande wa nje. Pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka kikavu na ukungu uko pale pale, uko nje, piga waipa, punguza baridi, na uelekeze hewa kifuani au miguuni, si kwa kioo. Ukiongeza baridi hapo unaongeza shida.

Ukiona kioo kinafunga kila siku hata ukiwa peke yako na hakuna mvua, inua kapeti ya upande wa abiria uguse. Ikiwa imelowa, ule mpira wa kutoa maji ya AC umeziba na maji yanamwagikia ndani. Fundi yeyote wa AC anauzibua, si kazi kubwa.

*Fundi shikamoo. Nikitoka Kisumu kwenda Busia na watoto naweka AC kwa sababu ya joto, lakini tukifika kama Ugunja nasinzia, watoto wote wamelala na mkubwa anasema kichwa kinamuuma. Pia asubuhi nikiwasha AC inatoa harufu mbaya ya uvundo. — Mama wa wawili, Kisumu*

Marahaba mama. Ni ule ule mshale wa kuzunguka. Ni mzuri kwa kupoza haraka, na ni mzuri ukipita vumbi ya murram au moshi wa lori au wale wadudu wadogo wa ziwa wakiwa wengi, lakini ukiuacha saa nzima na watu wanne ndani mnapumua hewa ile ile, kaboni dayoksaidi inapanda, na mtu anasinzia bila kujua kwa nini. Dereva akisinzia barabara ile ya Busia yenye malori unajua mwenyewe. Fanya hivi: gari ikiwa imekaa juani fungua milango kwanza hewa ya moto itoke, anza safari na madirisha wazi kidogo, kisha funga uwashe AC na mshale wa ndani mpaka ipoe, halafu rudisha mshale wa nje. Itapoza kidogo polepole, lakini mtakuwa mnapumua.

Lakini mama, hicho kichwa cha mtoto usikichukulie rahisi. Ukishaweka hewa ya nje na bado vichwa vinauma, na mkitoka nje vinapona, peleka gari iangaliwe egzosi kama inavuja, na mpira wa buti kama unafunga vizuri. Moshi wa egzosi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu na inaua. Mpaka iangaliwe, usisafiri nayo mbali na watoto, na msikae ndani injini ikinguruma mkingoja mtu.

Harufu mara nyingi ni filta ya hewa ya ndani. Kwa Toyota nyingi iko nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria, unakifungua, unabana pande mbili kinashuka, unaona kifuniko chembamba, unavuta. Wengi wakiitoa wanapata majani, manyoya, vumbi nyeusi, kuna watu hawajawahi kujua iko. Nunua mpya, na ukiiweka angalia mshale wa upande wa hewa. Pia ukikaribia nyumbani zima AC ukiwa bado dakika chache uache feni peke yake, ile rejeta inakauka na uvundo haupati mahali pa kuota.

Na kwa kuwa una watoto: kwa mlango wako kuna kitufe cha kufunga madirisha yao yasichezwe, na kwa ukingo wa mlango wa nyuma ukiufungua kuna kaswichi kadogo ka kuzuia usifunguke kutoka ndani. Vyote viwili viwekwe.

*Niaje fundi, nimenunua Fielder ya kutoka Japani, kila nikiwasha kuna mama ananiongelesha Kijapani, na redio inashika stesheni moja mbili tu. Fundi wa mtaa ameniambia nitoe kadi ya ramani nibadilishe lugha. Nimsikie? — Kijana wa Kakamega*

Usimsikie kwa hiyo kadi. Redio nyingi za Toyota za Kijapani zinasoma programu zake kutoka kwa hiyo kadi ya SD, ukiitoa skrini inakwama na kukudai kadi, na ukipoteza utalia. Hata kutoa waya wa betri kunaweza kuifunga, kwa hivyo ukibadilisha betri enda kwa mtu anayejua hizo redio. Lugha kwa nyingi haibadiliki bila programu nyingine, watu wengi mwishowe wanaweka redio mpya tu.

Huyo mama mara nyingi anakwambia hujaingiza kadi ya ETC. Ni mtambo wa kulipia barabara za kasi za Japani, gari inapita getini inakatwa pesa yenyewe. Huku hauna kazi. Kuna kasanduku kadogo kenye nafasi ya kadi, mara nyingi chini ya usukani au ndani ya kidroo, fundi wa umeme achomoe plagi yake na atanyamaza. Asikate waya ovyo.

Redio sasa. FM ya Japani ilikuwa ya 76 mpaka 90, yetu inaanza 87.5 mpaka 108, kwa hivyo unashika zile chache ziko chini ya 90 peke yake. Ekspanda ni kadude kanakaa kwa waya wa eria (antena) na kushusha namba, ekspanda ya 20 inafanya stesheni ya 100 ionekane kwa 80. Lakini piga hesabu kabla ununue, hiyo ya 20 itakupa kuanzia 96 kwenda juu na za katikati zitapotea. Jua kwanza stesheni unazopenda ziko wapi, ndio uchague ekspanda.

*Mimi ni mwalimu, ni mfupi, nimewekea siti mto na nimeivuta mbele kabisa, bado naona nusu ya barabara na shingo inauma. — Mwalimu, Kericho*

Mwalimu, ondoa huo mto kwanza, ukipiga breki kali mto unateleza na wewe unateleza nao. Ukiwa umepaki, shika ubavu wa siti upande wa mlango, gari nyingi ziko na wenzo unaopampu juu siti inapanda. Pandisha mpaka uone vizuri juu ya usukani. Kisha rudisha siti nyuma hadi ukikanyaga breki yote goti libaki limekunjika kidogo, egemea vizuri, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kikalie juu ya usukani bila bega kuinuka. Kati ya kifua na usukani kubaki angalau sentimita 25, hapo ndipo eabagi inalipukia. Chini ya usukani kuna wenzo mwingine wa kuushusha au kuuinua. Na shingo, pandisha kile kiegemeo cha kichwa mpaka juu yake ilingane na juu ya kichwa chako, wengi wanakiacha chini kabisa na kinagusa shingo, ukigongwa nyuma hakikusaidii.

*Nabeba viazi kutoka Molo na Probox. Usiku kila gari inanimulikia fulu na mimi niko na dimu. — Muuza viazi, Molo*

Mzigo umekalisha nyuma, pua imeinuka, dimu yako inaingia machoni mwa watu. Tafuta kanobu kadogo karibu na usukani kenye picha ya taa na namba kuanzia 0. 0 ni ya gari tupu, ukiongeza namba taa inashuka. Jaza gari, paki mbele ya ukuta usiku, zungusha uone mwanga ukishuka. Ukishusha mzigo rudisha 0, la sivyo utakuwa unaona karibu tu.

*Funguo ya rimoti ilikufa Kibuye, gari ikakataa kufunguka na kuwaka. Nilitafuta fundi akanilipisha pesa mingi. — Kisumu*

Ndani ya hiyo rimoti kuna funguo ya chuma, sukuma kaloki kadogo ka pembeni uivute, fungua nayo mlango wa dereva. Alamu ikilia usiogope. Kanyaga breki, gusisha rimoti yenyewe kwa kitufe cha kuwasha, kwa Toyota ni upande wenye nembo, ikitoa mlio bonyeza na gari itawaka hata betri ya rimoti ikiwa imekufa. Kisha nunua betri mpya. Nyingi zinatumia CR2032 lakini fungua usome namba ya ile ya zamani kabla ya kwenda dukani.