Umepangiwa kesi ya mauaji na mahakama, mshtakiwa hana pesa: kazi yenyewe inavyokwenda

Wakili uliyeuliza jana, swali lako nimelisoma. Umeapishwa juzi tu, ofisi iko Kisumu, naibu msajili wa Mahakama Kuu amekupangia kesi ya mauaji ya mshtakiwa asiyeweza kulipa wakili, na unataka kujua uanzie wapi, ada inalipwaje, na kama kuna tofauti yoyote na kesi ya mteja anayelipa. Nianze na ada, maana haina mengi.

Kesi hizi, ambazo kwenye korido za korti bado tunaziita "pauper brief", hulipwa na Idara ya Mahakama. Ada ni ndogo, huja kesi ikishaisha, tena baada ya kufuatiliwa. Fungua bahasha leo: barua ya uteuzi, tarehe zote ulizofika kortini na kilichofanyika kila tarehe, na mwishoni hukumu. Watu huzungushwa miezi kwa sababu barua ya uteuzi haionekani na aliyeitia sahihi amehamishwa kituo. Usipange kodi ya ofisi kwa pesa hizo. Na familia ikikuletea elfu mbili "za nauli", zirudishe palepale, hata wakisisitiza. Malalamiko mengi ya nidhamu kwenye kesi za bure huanza na hizo elfu mbili.

Kwa wasio mawakili wanaosoma hapa: si kila mshtakiwa hupewa wakili wa bure. Ibara ya 50(2)(h) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema Serikali itamgharamia mshtakiwa wakili iwapo bila wakili haki itapotoka kwa kiasi kikubwa. Kwenye mauaji uteuzi hufanyika kama kawaida ya kazi. Lakini ndugu yako akishtakiwa kwa wizi wa mabavu mbele ya hakimu, adhabu yake kisheria ni kifo vilevile, na huenda asiletewe wakili yeyote asipoomba. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Karisa Chengo ya 2017, ilitaja vitu vya kupimwa: uzito wa shtaka na adhabu, uwezo wa kulipa, kama mshtakiwa ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika, ugumu wa kesi yenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaka hakimu amweleze haki hiyo mshtakiwa asiye na wakili. Akielezwa, aseme wazi kwamba anaomba wakili na ombi liandikwe kwenye faili, halafu jamaa apeleke maombi kwa NLAS, ile huduma ya kitaifa iliyoundwa na sheria hiyo. Wasiende huko na kesi ya kudai deni, ya kodi ya Serikali au ya kuharibiwa jina. Hizo sheria imeziondoa kwenye msaada huo.

Sasa tofauti. Mteja anayelipa huja na binamu mwenye gari, stakabadhi kwenye bahasha na mashahidi waliokwisha kupigiwa simu. Huyu wako ametoka seli ya polisi akaingia rumande, na tangu hapo hakuna mtu hata mmoja aliyekwenda kutafuta chochote kwa niaba yake. Kila karatasi iliyo kwenye faili imekusanywa na upande wa pili. Huna mpelelezi wala bajeti ya mpelelezi. Kwa hiyo kesi hizi huharibika mapema, kwenye zile tarehe za kutajwa ambazo mawakili hupitisha kwa kusimama, kuinama na kukubali tarehe nyingine.

Nenda Kodiaga, gereza la Kisumu aliko mteja wako, kabla ya kufungua kitabu chochote. Beba barua ya uteuzi, kitambulisho, cheti chako cha uwakili cha mwaka huu, hati ya mashtaka, daftari na kalamu mbili. Simu itabaki getini, kwa hiyo nambari zote za jamaa utaziandika kwa mkono. Hapo kuna kikwazo ambacho wengi hawakitarajii: mteja hakumbuki nambari ya mtu yeyote, zote zilikuwa kwenye simu iliyochukuliwa kama kielelezo. Muulize jina la chifu wao, la mwalimu mkuu wa shule ya karibu, la kanisa. Familia hupatikana kwa njia hiyo.

Usimwanzishie na "ulimuua?" Mpeleke saa kwa saa kuanzia asubuhi ya siku hiyo. Alikula wapi, alipanda boda ya nani, alituma M-Pesa saa ngapi, alilala kwa nani. Kisha kukamatwa: siku gani, saa ngapi, kituo gani, nani walikuwepo, alipigwa, alitia sahihi nini. Angalia majeraha kwa macho yako na uandike yalipo. Ukiondoka, fuata kwanza vitu vinavyopotea. Kamera za kituo cha mafuta hufutika zenyewe baada ya siku chache. Rekodi za simu kampuni haitatoa bila amri ya korti, kwa hiyo omba amri mapema. Kadi ya kliniki iko chini ya godoro la mama yake na mvua moja itaimaliza. Mkutano wa dakika tano kwenye seli za korti asubuhi ya kusikilizwa hautakupa hata kimoja kati ya hivi.

Kisha nyaraka. Ibara ya 50(2)(j) inakupa haki ya kuona mapema ushahidi utakaotumika. Usiridhike na bunda utakalokabidhiwa. Hesabu majina ya mashahidi kwenye orodha, hesabu taarifa zao, linganisha. Tazama kama ripoti ya uchunguzi wa maiti ina kurasa zote, kama kuna orodha ya vielelezo vilivyopelekwa kwa mkemia wa Serikali na nani alivipeleka, na kama picha na video zina cheti cha kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kisha omba kile ambacho hakimo kamwe kwenye bunda: nakala ya OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, yenye ripoti ya kwanza. Shahidi anayesema leo kwamba alimtambua jirani yake usiku ule, angemtaja alipofika kituoni. Ikiwa OB inasema "watu wasiojulikana", hapo ndipo kesi yako ilipo. Mwendesha mashtaka akikwepa, omba korti imwite mkuu wa kituo alete kitabu chenyewe, na uombe kabla shahidi huyo hajapanda kizimbani. Akishashuka utaambiwa unachelewesha kesi.

Dhamana inapatikana hata kwenye mauaji. Ibara ya 49(1)(h) haikutenga kosa lolote, inataka tu pasiwe na sababu nzito za kumzuia. Korti itaagiza ripoti ya afisa wa probesheni, naye atakwenda nyumbani kwa pande zote mbili na kwa chifu. Huku kwetu magharibi, na hata kule Molo, ripoti nyingi huishia palepale: nyumba ya mshtakiwa ilichomwa, wanakijiji wana hasira, usalama wake hauna uhakika. Ukisubiri ripoti ije ndipo ujibu, umechelewa. Mpelekee afisa anwani nyingine mapema, labda shangazi aliyeolewa Busia, pamoja na barua ya chifu wa huko na nambari ya simu ya shangazi mwenyewe. Afisa akimpata na akakubali kumpokea, ripoti hubadilika sura.

Halafu mdhamini. Familia italeta hati ya shamba kwa furaha, na ukiitazama jina ni la babu aliyefariki miaka thelathini iliyopita, mirathi haijafanywa. Hiyo haidhamini mtu. Hata ikiwa jina ni la aliye hai, korti itataka upekuzi wa ardhi, ripoti ya thamani, idhini ya mke au mume, kitambulisho, picha na barua ya chifu, na mthamini analipwa. Uliza kwanza kama ukoo una mwalimu au muuguzi mwenye hati za mshahara, au mtu mwenye gari lililo kwa jina lake. Masharti yakiwa mazito kuliko uwezo wao, rudi uombe yapunguzwe, na uonyeshe kwa karatasi kwamba wamejaribu. Kwa kesi iliyo mbele ya hakimu, kifungu 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinairuhusu Mahakama Kuu kuyapunguza. Kuna watu wamekaa rumande miaka wakiwa na dhamana mkononi, na faili inasomeka "yuko nje kwa bondi".

Kabla ya kusomewa mashtaka, mshtakiwa wa mauaji hupelekwa kwa daktari wa akili. Soma ripoti hiyo inasema nini hasa. Kuwa na akili timamu ya kusimama kortini leo si jibu la alikuwaje usiku wa tukio, na hilo la pili ni utetezi unaojitegemea.

Lugha. Usikubali mteja wa Nyakach au wa Vihiga asomewe mashtaka kwa Kiswahili kwa vile tu "anaelewa". Anaelewa cha sokoni. Ukalimani ni haki yake bila malipo. Mtego wake hasa uko kwa mahakimu, kwa washtakiwa wasio na wakili: mtu anaulizwa kama ni kweli, anajibu "ni kweli", akimaanisha ni kweli alikuwepo, na inaandikwa amekiri. Kesi ya Adan ya 1973 ilishaweka utaratibu: shtaka na viini vyake vielezwe kwa lugha anayoielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, maelezo ya tukio yasomwe, aulizwe kama anayakubali, na akipinga jambo la msingi iandikwe amekana. Ukipewa rufaa ya mtu aliyekiri, ukurasa wa kwanza kusoma ni huo.

Wakiwa washtakiwa wawili au watatu na wewe umepangiwa wote, zungumza na kila mmoja peke yake. Mmoja akisema "mimi nilikuwepo lakini aliyempiga ni huyu", mwandikie naibu msajili siku hiyohiyo ukiomba wakili wa pili. Usingoje igundulike katikati ya shahidi wa nne.

Kuhoji mashahidi kumeandikiwa vitabu, kwa hiyo nitachukua kitu kimoja tu, utambuzi wa usiku. Maswali yako yawe ya vitu vinavyopimika. Taa ilikuwa ya aina gani, koroboi au sola? Ilikuwa juu ya meza au mlangoni? Wewe ulikuwa hatua ngapi? Mwanga ulimpiga usoni au mgongoni? Ulimwona kwa muda gani kabla hujakimbia? Mtu wa kwanza uliyemwambia jina hilo ni nani, na saa ngapi? Ukipata majibu hayo, keti. Usiulize "sasa ulimtambuaje?" Atakujibu kwamba ni jirani, wamekua pamoja, anajua hata sauti yake, na umemjengea mwendesha mashtaka ukuta uliokuwa umeubomoa. Nenda na wewe eneo la tukio usiku, saa ileile. Nauli ya matatu hadi Ahero haizidi faida ya kujua kwamba nguzo ya umeme inayotajwa iko upande wa pili wa ua.

Kesi nyingi za mauaji zinazopangwa hivi ni za ugomvi wa chang'aa, shamba au ndoa, aliyeua na aliyeuawa wakifahamiana. Hapo soma kifungu 206 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu nia ya kuua, na uone kama ushahidi unaifikia. Usipoifikia, mwandikie mwendesha mashtaka kupendekeza kuua bila kukusudia chini ya vifungu 137A na vinavyofuata vya Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Makubaliano yawe kwa maandishi, mteja ayaelewe kwa lugha yake, na ajue kwamba adhabu inabaki kwa jaji. Njia hiyo haipo kabisa kwa makosa ya Sheria ya Makosa ya Kingono. Kifungu 137N kimeyatoa, kwa hiyo usimwahidi mama wa mtu kitu hicho.

Jaji akiona kuna kesi ya kujibu, mteja ana njia tatu: aape na ahojiwe, aseme bila kiapo asihojiwe lakini uzito wake uwe mdogo, au anyamaze. Mweleze hayo rumande, wiki kadhaa kabla. Aliyeelezwa kizimbani huchagua alichochagua mwenzake wa seli.

Akipatikana na hatia, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, kifo si adhabu ya lazima kwa mauaji, ingawa mwaka 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi huo haugusi makosa mengine. Kwa hiyo utetezi wa adhabu una kazi ya kufanya. Mpe jaji tarehe ya kukamatwa, kwani kifungu 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinataka siku za rumande zihesabiwe, na mara nyingi zinazohesabiwa ni kuanzia siku ya kusomewa mashtaka. Toa vyeti vya mafunzo ya gerezani ikiwa vipo.

Uteuzi wako kwa kawaida unaishia hapo, na mteja anarudi Kodiaga bila wakili huku siku 14 za rufaa zikianza kuhesabiwa. Ingia kortini siku ya adhabu ukiwa na notisi ya rufaa iliyokwisha kuandikwa, ibakie tarehe tu. Iwasilishe mchana huohuo, omba nakala za mwenendo wa kesi kwa barua, na mpe mteja nakala moja yenye mhuri kabla basi la magereza halijaondoka.