Fungua Vifungo Kabla Hujaandika UTI

Wadogo zangu intani, wiki iliyopita kwenye raundi hapa Moshi nimekuta faili: homa siku 5, kipimo cha malaria (mRDT) hasi, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), antibiotiki siprofloksasini. Mgonjwa ana kovu la upasuaji wa moyo katikati ya kifua, refu kama zipu, na hakuna aliyeliandika. Nilitaka kufoka, nikakumbuka mwaka wangu wa intani.

1. Mwenye valvu ya chuma moyoni akija na homa, shuku maambukizi ya valvu kwanza, hata kama alipasuliwa miaka 10 iliyopita. Hilo nilifundishwa, nikalifaulia mtihani, nikalisahau. Akaja mama wa Kibosho, valvu ya chuma ya maitro (upande wa kushoto wa moyo), miaka 6 tangu apasuliwe Dar. Mkojo una chembe nyekundu, nikafurahi: UTI! Kumbe wadudu walikuwa kwenye valvu, na figo zilikuwa zinalipa deni la moyo. Akijifunga kitenge akasema, "Daktari mwanangu, saa yangu ya kifuani haigongi vizuri. Mjukuu ninayelala naye alikuwa anaisikia usiku, siku hizi ananiuliza, bibi, imesimama?" Nikacheka. Nikampa vidonge vya UTI, nikamwambia, mama, kapumzike. Stethoskopu ilikuwa shingoni kama mkufu. Foleni imefika getini.

Siku ya 12 alirudishwa amebebwa, mkono wa kulia umelegea, mdomo umepinda. Ndipo nikasikiliza. Badala ya ule mlio mkavu wa valvu ya chuma, dufu, dufu, kama mtu anabisha hodi kupitia godoro. Nikatoa damu ya kalcha (kuotesha wadudu maabara), haikuota kitu. Vidonge vyangu vilishawafifisha wadudu bila kuwamaliza. Eko (ultrasound ya moyo) ya kifuani nayo ikatuonyesha kivuli cha chuma tu. Bosi akasoma faili taratibu, akaniuliza: "Mgonjwa mwenyewe alikwambia nini?" Sikumjibu. Hadi leo sijamjibu.

2. Kalcha seti 3, sehemu tofauti, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.

3. INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) ya mwenye valvu ya chuma ya maitro anayemeza warfarini ni 2.5 hadi 3.5. Antibiotiki Flajili na Septrini huipandisha, kwa hiyo ukiandika, pima tena baada ya siku chache. Mchicha, kwa vitamini K yake, huishusha, lakini msiwatishe watu nao! Mzee mmoja muuza ndizi Mbuyuni aliambiwa apunguze, akaacha mboga zote, INR ikaruka hadi 6, fizi zikavuja damu. Ale kiasi kilekile kila siku, basi. Siku hizi nikipita ananikatia chane nzima, na kukataa siwezi.

4. Kabla ya kumng'oa jino mwenye valvu ya chuma, kuikinga valvu: amoksilini gramu 2, saa moja kabla.

Aliyeandika lile faili aje anione kabla ya chai. Sifoki. Aje na stethoskopu.