Ukienda Córdoba kwa siku moja, panda treni ya alfajiri

Mwaka niliosoma Sevilla nilikwenda Córdoba mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Julai. Nilishuka kwenye treni saa tano asubuhi, jua tayari linachoma, foleni ya tiketi za Msikiti Mkuu ndefu, na ndani watalii wanapishana bega kwa bega. Nilirudi na kichwa kinaniuma, nikiulizwa nimeona nini sina la kusema. Mara ya pili ilikuwa Februari, nikatoka alfajiri. Siku ile sijaisahau, na ndiyo inayonifanya niwaandikie ninyi wanafunzi wenzangu mlioko Hispania au mnaojiandaa kwenda.

Kutoka stesheni ya Santa Justa, pale Sevilla, treni ya mwendo kasi inachukua kama dakika 45. Zipo na za kawaida zinazosimama njiani. Zinachelewa zaidi, ila nauli yake ni nafuu. Jumamosi treni za mapema huwa chache, kwa hiyo kama una siku ya katikati ya wiki isiyo na kipindi, itumie hiyo. Fika stesheni mapema, kwani mizigo inapitishwa kwenye mashine na geti linafungwa kabla treni haijaondoka.

Kwa nini alfajiri? Kwa sababu Msikiti Mkuu wa Córdoba, ambao leo ni kanisa kuu la Kikatoliki, Jumatatu hadi Jumamosi huingiza watu bure kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi. Saa hiyo vikundi vya watalii haviingii na watu hutakiwa kunyamaza. Angalia tovuti yao siku moja kabla, maana sikukuu za kanisa hubadilisha ratiba. Kutoka stesheni ni mwendo wa miguu wa dakika 25 hivi, huna haja ya teksi.

Ukiingia, acha simu mfukoni kwanza. Macho yanahitaji muda kuzoea kiza, kisha nguzo zinaanza kujitokeza moja baada ya nyingine. Zimebaki 856, na juu yake matao mekundu na meupe yamepandana mawili mawili. Aliyeanza kujenga ni mtawala Abd al-Rahman wa Kwanza, mwaka 785, yule aliyekimbia Sham (Syria) baada ya ukoo wake wa Banu Umayya kuuawa. Mafundi wake walichukua nguzo za majengo ya zamani ya Warumi na ya Wavisigothi waliotawala baada yao, na nyingi zilikuwa fupi. Ndipo wakabebesha tao juu ya tao hadi dari likapata kimo. Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, usitazame juu tu. Tazama vichwa vya nguzo na sehemu zinapogusa sakafu: hii ina kitako, ya pili haina, hii laini, ile ina michirizi. Nilizunguka nguzo mbili tu karibu robo saa, na sijutii hata dakika moja.

Kisha nenda mpaka mwisho, kwenye mihrabu ya mtawala al-Hakam wa Pili, ya karne ya 10. Hati ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, imeizunguka kwa vipande vidogo vya kioo vya rangi ya dhahabu. Mimi ni mtu wa Unguja. Msikiti wetu wa Kizimkazi una hati ya Kikufi iliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 1107, na nimeiona tangu utoto. Kukutana na hati ya namna ileile mbali hivyo, tena iliyoitangulia ya kwetu kwa zaidi ya miaka mia, kulinitoa machozi.

Ndugu zangu Waislamu, hapa niseme wazi: msisali ndani. Tangu 1236 jengo hili ni kanisa, na walinzi watakuzuia. Najua inauma. Sali kabla hujatoka, kisha ingia utazame kwa moyo mtulivu. Na lile kanisa lililojengwa katikati kuanzia 1523 msilipite kwa hasira. Nalo lina mafundi wake na lina waumini wake.

Nje kuna ua wa midanzi. Usichume, ni machungu kwelikweli. Hapo nilikaa kwenye ukingo wa maji nikaanza kuhesabu maneno tunayochangia na Wahispania kupitia Kiarabu: birika, lile la kuhifadhia maji, ni *alberca*, zeituni ni *aceituna*, zafarani ni *azafrán*, sukari ni *azúcar*. Hata biringanya ni *berenjena*, na hilo litakufaa mchana. Agiza *berenjenas con miel*, biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa. Ukiagiza *salmorejo*, ile supu nzito ya baridi ya nyanya na mkate, sema *sin jamón*, la sivyo itakuja na nyama ya nguruwe juu. Jiko la chakula cha mchana halifunguliwi kabla ya saa saba au saa saba na nusu, kwa hiyo beba mkate na maji.

Baada ya kula, vuka daraja la Kirumi uutazame mji kutoka ng'ambo ya mto. Inatosha. Julai hata hilo ni gumu, joto linapita nyuzi 40.

Sasa tiketi ya kurudi. Ile safari ya Julai yangu iliandikwa 17:40. Nikaishika ile saba peke yake, nikaihesabu kwa saa zetu, nikajiambia treni ni saa moja na dakika 40 jioni. Nilipofika stesheni ilikuwa imeondoka zamani, na tiketi mpya ilinila hela ya chakula cha siku tatu. Mara ya pili, nilipomaliza tu kununua, nilichukua kalamu nikaandika mgongoni mwa mkono, kwa Kiswahili: saa kumi na moja na dakika arobaini.