Kisigino Kinachouma Asubuhi

SWALI: Kila niamkapo, hatua ya kwanza huniuma kisiginoni kana kwamba nimekanyaga msumari, kisha maumivu hupungua. Sasa naambiwa kwamba nachechemea. Je, mfupa umeota?

JIBU: Huenda umeota, lakini si lazima uwe ndio chanzo, kwani wengi wana kinundu hicho na hawaumwi. Maelezo yako yanaelekea zaidi kwenye ule utando mgumu wa unyayo, unaotoka kisiginoni hadi vidoleni, ambao hukaza tunapolala na kuvutwa ghafla tunaposimama. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa sekunde 30, mara tatu, wala usitembee pekupeku sakafuni. Subira inahitajika, maana kupona huchukua miezi.

Kuchechemea ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi: anayekwepa kisigino hukanyagia ukingo wa nje wa mguu, na mzigo huhamia kwenye kifundo, goti na nyonga. Hebu geuza viatu vyako utazame ni upande gani wa soli umelika. Ukihisi ganzi, mguu ukivimba, au ikiwa una kisukari, muone daktari bila kuchelewa.