Umeshazibuliwa mshipa wa moyo na una sukari? Usiangalie wastani tu

Wadau wa Dodoma na kwingineko, leo naongea na nyie mnaouguza mzazi mwenye sukari ambaye ameshawekewa stenti kwenye moyo, kile kibomba kidogo cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Bi mkubwa wangu ni mmoja wao. Wengi kile kipimo cha HbA1c kikitoka kizuri tunashangilia tunaona kazi imeisha, kumbe kile kinatoa wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu tu, mtu anaweza akawa na 3.2 alfajiri (iko chini mno) na 16 jioni (iko juu mno), kwa kipimo cha mmol/L, na wastani ukatoka unapendeza kabisa.

Na moyo hauitaki hiyo panda shuka. Sukari ikipaa inaumiza utando wa ndani wa mishipa na damu inakuwa rahisi kuganda, ikiporomoka mwili unamwaga adrenalini, mapigo yanaenda mbio na yanaweza hata kuvurugika. Tafiti nyingi za waliowekewa stenti zimeona wale ambao sukari yao inayumba sana ndio wanaopata matatizo ya moyo zaidi baadae.

Sasa msikimbilie kuibana mpaka chini kabisa. Marekani na Canada kulikuwa na utafiti unaitwa ACCORD, watu zaidi ya 10,000, kundi lililobanwa sukari sana ikabidi lisimamishwe 2008 kwa sababu vifo vilizidi upande huo. Kwa mzee mwenye moyo mbovu mimi kushuka ndio kunanitisha kuliko kupanda.

Bi mkubwa alikuwa anameza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, asubuhi, anakunywa chai kavu anaenda ibada, ibada ikirefuka unamkuta kalowa jasho shingoni na kanga imemganda mgongoni huku anasema ni joto tu. Jasho hilo msilipuuze jamani, maana dawa za kutuliza mapigo kama atenololi au bisoprololi zinaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, jasho ndio linabaki. Pima hapohapo, ikiwa chini ya 4 koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji anywe, subiri dakika 15 upime tena, ikikaa sawa ale chakula. Akiwa hajitambui usimpe kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Stripu za kupimia sukari ni ghali najua, kwa hiyo chagua siku mbili kwa wiki, pima kabla ya kula na masaa mawili baada ya kula, andika na alichokula. Sisi daftari ndio lilituonyesha ugali wa uwele bonge dogo na mlenda haumsumbui, ila chai ya maandazi inampaisha, na msimu wa zabibu ukifika kishada kizima ni balaa, sasa hivi anakula punje chache baada ya chakula.

Daftari hilo nenda nalo kliniki, ndio lilifanya daktari ambadilishie dawa ya asubuhi. Na aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, msiziache hata kama anajisikia mzima, mpaka daktari wa moyo aseme, stenti ikiganda damu ni dharura.